Avebury: duara kubwa la mawe, na nyumba iliyokuwapo kabla yake

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Zikitajwa habari za mawe ya kale ya Uingereza, mazungumzo huishia Stonehenge. Mimi mwenyewe nilikwisha kuishi nchi hii miaka kadhaa ndipo nikajua kwamba, kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya hapo, katika mkoa uleule wa Wiltshire, lipo duara la mawe lililo kubwa kuliko yote yanayojulikana duniani, na kwamba mtu huingia bila tiketi, hugusa jiwe alitakalo, na akichoka hukaa katika baa ya kijiji iliyojengwa ndani ya duara lenyewe. Mahali hapo panaitwa Avebury. Nimekwenda mara nne sasa, na nimeona nilete uzi huu kwa sababu maelezo mengi niliyowahi kuyasoma kwa Kiswahili kuhusu mawe ya namna hii hukimbilia nyota, majitu na uchawi, ilhali yapo yaliyofukuliwa ardhini ambayo yanaeleza zaidi.

Nianze na handaki, maana ndilo linalomtisha mgeni kabla ya mawe. Lilichimbwa kwa mviringo katika mwamba mweupe wa chaki, upana wake ni kama mita 21, na kina chake cha awali kilifika mita 9. Leo limejaa udongo hadi karibu nusu, hata hivyo ukishuka chini hulioni tena kanisa wala paa la nyumba yoyote, na sauti za magari ya barabarani hukatika. Udongo uliotolewa ulilundikwa ukawa tuta linalozunguka kwa zaidi ya kilomita moja, na lilipokuwa jipya lilikuwa jeupe pepepe. Mwanaakiolojia Harold St George Gray alifukua sehemu za handaki hilo kati ya 1908 na 1922, akakuta chini kabisa pembe za kulungu zilizotumika kama sururu. Wachimbaji hawakuwa na chuma wala gurudumu. Sasa tazameni jambo moja ambalo ndilo lililonifanya nianze kusoma: tuta liko nje na handaki liko ndani. Anayejenga ngome huweka handaki nje, ili adui atumbukie kabla hajaufikia ukuta. Hawa waligeuza, na mimi sioni namna ya kulieleza hilo isipokuwa kwa kusema kwamba kilichokuwa kikizuiliwa kilikuwa ndani, au kwamba aliyekuwa akiingia alipaswa kujua, kwa macho na kwa miguu, kwamba amevuka mpaka.

Kwenye ukingo wa ndani wa handaki yalisimamishwa mawe takriban 100, yakafanya duara lenye kipenyo cha zaidi ya mita 330. Ndani yake yaliwekwa maduara mengine mawili, moja kaskazini na jingine kusini, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 100 hivi. Duara la mawe makubwa la Stonehenge, kwa kulinganisha, lina mita 30 tu. Mawe yenyewe ni sarseni, yaani mchanga wa kale uliogandamana ukawa mgumu kupita kiasi, na yalikuwa yametapakaa juu ya vilima vya jirani. Wakulima wa huko waliyaita kondoo wa kijivu, kwa kuwa ukiyaona kwa mbali yamelala kwenye majani utadhani ni kundi linalocheua. Mengi yana tani 20, machache huzidi 40, na mojawapo ya yale yaliyo katikati ya duara la kaskazini limezama ardhini kwa kina kirefu kiasi kwamba huenda likazidi tani 100. Hakuna lililochongwa. Yalisimamishwa na mashimo yake, na mikunjo yake, kama yalivyookotwa.

Kazi hii haikufanywa na kizazi kimoja. Sehemu kubwa ya yanayoonekana ilijengwa kati ya 2850 KK na 2200 KK, yaani Zama Mpya za Mawe, wakati watu wa kisiwa hicho walikuwa wakilima na kufuga lakini bado wakitumia zana za mawe. Ndipo ninapofika kwenye hoja ya uzi. Mwaka 1939, kabla vita havijasimamisha kazi, Alexander Keiller, tajiri aliyerithi fedha za jamu ya machungwa na kuzitumia kuununua uwanja huu, alifukua duara la kusini. Karibu na mahali liliposimama jiwe refu kuliko yote ya duara hilo alikuta matundu ya nguzo na alama za kuta za jengo dogo. Alidhani ni banda la mikokoteni la zama za kati, akaliacha. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Leicester na Southampton, wakiongozwa na Mark Gillings na Joshua Pollard, walipitisha rada ya ardhini mahali palepale, wakaona kwamba mstari wa mawe madogo alioukuta Keiller ulikuwa upande mmoja wa mraba, kila upande ukiwa na mita 30 hivi, nao ulizunguka lilipokuwa jengo hilo. Maelezo yao ni kwamba jengo lilikuwa nyumba ya wakulima wa mwanzo, iliyotangulia duara kubwa kwa karne nyingi.

Ikiwa ni kweli, na mimi naamini ni kweli, basi Avebury inasomeka kutoka ndani kwenda nje: palikuwa na nyumba, nyumba ikaanguka au ikaachwa, pahala pake pakawekewa mraba wa mawe, mraba ukazungushiwa duara, na duara likaja kuzungukwa na duara kubwa zaidi, handaki na tuta. Utakatifu wa mahali ulianzia kwenye makazi ya watu fulani waliokumbukwa. Nakaribisha michango, na hasa wenye kupinga.

Fundi Uashi, Mwanza

Mkuu mleta uzi, nashukuru kwa somo. Mimi si mtu wa historia, ila mawe nayajua kwa mikono. Umesema yalikuwa takriban 100 kwenye duara la nje. Kwenye picha nilizoziona naona mapengo makubwa na vinguzo vidogo vya saruji. Mawe mengine yamekwenda wapi? Jiwe la tani 40 haliibwi usiku.

Mleta uzi

Fundi, swali lako limenifurahisha, kwa sababu jibu lake unalijua kuliko mimi. Huko kwenu jiwe kubwa la itale huwashiwa moto wa magogo au matairi chakavu, likishapata joto humwagiwa maji, linapasuka kwa mlio, kisha watu huingia na nyundo. Wakulima wa Avebury wa karne ya 17 na 18 walifanya vivyo hivyo. Walichimba shimo, wakalilaza jiwe juu yake, wakajaza majani makavu na kuni chini, na lilipokolea joto walichora mstari wa maji baridi pale walipotaka lipasukie. Vipande vikawa kuta za nyumba za kijiji, na ukipita leo unaweza kuvitambua katika kuta hizo kwa rangi yake. William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale aliyefika mara nyingi kati ya 1719 na 1724, aliwaona wakiifanya kazi hiyo na akaandika jina la mmoja wao, Tom Robinson, kwa uchungu kama mtu anavyomwandika muuaji. Kama asingechora alichokiona, tusingejua lilipokuwa kila jiwe. Vinguzo vya saruji ulivyoviona viliwekwa na Keiller miaka ya 1930 kwenye mashimo ya mawe yaliyopotea.

Lakini kabla ya kuvunja, kulikuwa na kuzika, na hilo ndilo linalohusu ibada. Katika karne ya 14 watu wa kijiji walianza kuyaangusha mawe katika mashimo na kuyafukia mazima. Aliye na shida ya ardhi ya kulima tu angeyaburuta pembeni. Kanisa la Mtakatifu James limesimama nje kidogo ya tuta, na jiwe mojawapo kwenye lango la kusini, lenye umbo la kiti, mpaka leo linaitwa Kiti cha Shetani; kwa hiyo wengi huamini kwamba hofu ya dini ilikuwamo. Mwaka 1938 wafanyakazi wa Keiller waliinua jiwe moja lililofukiwa, wakakuta chini yake mifupa ya mwanamume mwenye kijimkoba cha fedha za miaka ya 1320, mkasi, na kifaa cha chuma cha kutumbulia. Wakasema alikuwa kinyozi aliyetoa pia damu na majipu, kama ilivyokuwa desturi ya vinyozi wa wakati huo, na kwamba jiwe lilimwangukia akisaidia kulifukia. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mifupa yake iliteketea London kwa mabomu ya vita. Baadaye ikapatikana katika makumbusho, ikapimwa upya, na haikuonyesha dalili za wazi za kupondwa. Huenda alikuwa amekwisha kufa, akazikwa hapo. Kwa nini mtu azikwe chini ya jiwe ambalo kijiji kinaliogopa, hilo kila mmoja na alifikirie.

Mwalimu wa Historia

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, ila naona umeruka jambo la msingi. Stonehenge inaelekea macheo ya siku ndefu kuliko zote za mwaka, na hilo halina ubishi. Vipi Avebury iliyo kubwa zaidi isiwe na mwelekeo wa jua au mwezi? Isitoshe, yapo mapokeo kwamba haya yalikuwa mahekalu ya Wadruidi, yaani makuhani wa kale wa Waselti. Mbona hukuwataja?

Mleta uzi

Mwalimu, Wadruidi sikuwataja kwa sababu tarehe haziruhusu. Waandishi wa Kirumi wanawataja katika karne ya kwanza KK na ya kwanza BK, na wakati huo mawe ya Avebury yalikuwa yamesimama zaidi ya miaka 2,000. Anayewapa Wadruidi duara hili ni sawa na anayempa mwandishi wa magazeti wa leo sifa ya kuandika barua za Mtakatifu Paulo. Kosa hilo lilikolezwa na huyuhuyu Stukeley. Alipokuwa kijana alipima kwa kamba na kuchora kwa uaminifu mkubwa. Baadaye, mwaka 1729, akawa kasisi, na katika kitabu alichokichapisha 1743 akadai kwamba duara na njia zake mbili za mawe ni mwili wa nyoka, kichwa upande mmoja na mkia upande mwingine, alama ya dini ya kale iliyoutangulia Ukristo. Michoro yake ndiyo tunayoitegemea leo. Tafsiri yake tumeiacha. Mara nyingi nimejiuliza ni wangapi kati yetu tutakumbukwa kwa vipimo vyetu na kusahauliwa kwa hoja zetu.

Kuhusu jua: katika Stonehenge mhimili uko wazi kwa sababu mawe yamechongwa na kupangwa kama milango, na jicho lina pa kupita. Avebury mawe ni mapana, hayana umbo maalumu, na duara lenyewe limepinda hapa na pale kama mkono wa mtoto ulivyochora. Kuna milango minne kwenye tuta, na kwa mawe 100 na vilima pande zote, mwenye hamu ataupata mstari wa kila nyota. Nisingelikataa jua kabisa. Wakulima wote huhesabu majira. Nasema tu kwamba hapa halikuwa fundi mkuu.

Kuna tafsiri nyingine ambayo utaikuta kwa waongozaji wa watalii. Kwenye njia ya West Kennet, inayotoka kusini mwa duara, mawe huja kwa jozi, na mara nyingi moja ni refu na jembamba, na mwenzake ni pana lenye pembe nne kama uru ya karata. Keiller na waliofanya naye kazi waliona kwamba mpangilio huo ni wa makusudi, na ikasemwa kwamba refu ni mwanamume na pana ni mwanamke. Nimesimama katikati ya jozi hizo, na nakiri kwamba tofauti inaonekana. Ila ninachokiamini ni kwamba walikuwa wakichagua, jiwe hili kwa hili. Nani alikuwa mume na nani mke, hapo mawe yamenyamaza.

Mkaazi wa Lodwar

Nimefuatilia uzi huu kwa makini, kwa sababu nimekulia karibu na mawe ya namna hiyo. Barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol, kabla hujafika ziwani, inapita kwenye nguzo 19 za mawe meusi zilizosimama pamoja, nasi Waturkana tunapaita Namoratunga, watu wa mawe. Wazee husimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakacheka wasipopaswa kucheka, wakageuzwa mawe walipokuwa. Wapita njia huweka vijiwe juu ya nguzo. Watafiti walikuja, mwaka 1978 wakaandika kwamba nguzo zinaelekea nyota za kalenda ya Waborana, na baadaye wengine wakapinga. Je, haya na ya Avebury yana undugu wowote, au ni kufanana tu kama mkono unavyofanana na mkono?

Mleta uzi

Ndugu wa Lodwar, nilikuwa nikingoja mtu alete habari hii. Undugu wa damu haupo: hakuna aliyesafiri kutoka Turkana kwenda Wiltshire kufundisha kusimamisha mawe. Lakini wakati ni uleule, na hilo peke yake linastahili kukaa nalo. Magharibi ya ziwa hilohilo, mahali paitwapo Lothagam Kaskazini, wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walijenga jukwaa la mviringo lenye kipenyo cha mita 30, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, yaani katika karne zilezile ambazo pembe za kulungu zilikuwa zikichimba chaki ya Avebury. Timu ya Elisabeth Hildebrand na Elizabeth Sawchuk ilitangaza mwaka 2018 kwamba chini ya jukwaa hilo wamezikwa watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, karibu kila mmoja akiwa na mapambo yake, na hakuna dalili kwamba mkubwa alipewa nafasi kuliko mdogo. Walipoacha kuzika, walijaza shimo, wakafunika kwa mawe, na juu yake wakasimamisha nguzo walizozibeba kutoka mbali. Ziwa lilikuwa likipungua, malisho yakihama, watu wakitawanyika na mifugo yao. Mahali pa wafu ndipo palipobaki palepale.

Na hapa nilete shahidi kutoka Bahari ya Hindi. Mwaka 1998 mwanaakiolojia Mike Parker Pearson alimwalika Uingereza mwenzake kutoka Madagaska, Ramilisonina, akampeleka kuyaona mawe ya Avebury na Stonehenge. Yule bwana alishangaa kwamba Waingereza bado wanajiuliza yalikuwa ya nini. Kwao, mti ni wa walio hai, kwa sababu huoza kama mwili. Jiwe ni la wahenga, kwa sababu halifi. Nyumba ya mtu hujengwa kwa mbao na udongo, kaburi lake na jiwe lake la kumbukumbu husimama vizazi na vizazi. Wawili hao waliandika makala pamoja mwaka huohuo, na mjadala juu ya mawe haya haujarudi ulikokuwa kabla yake. Mimi niliposoma habari ya nyumba iliyogunduliwa 2017 niliikumbuka hoja yao palepale: nyumba ya miti imeoza, na pahala pake pamewekwa mawe.

Binti Pwani

Naomba kuongeza, kisha nipinge. Kuongeza: nasi wa pwani tumeyaona hayo. Miji ya kale ilikuwa na nyumba nyingi za udongo na makuti ambazo hazipo tena, lakini makaburi ya nguzo ya Kaole na ya Malindi bado yamesimama. Kupinga: je, hatulazimishi? Madagaska ya leo na Uingereza ya miaka 4,500 iliyopita ziko mbali kwa nchi, kwa lugha na kwa karne. Wazungu walipotaka kueleza mawe yao kwa Wadruidi umewacheka. Sasa wameyaeleza kwa wahenga wa Kiafrika na Kimalagasi, na wewe umefurahi kwa sababu wahenga unawajua. Tofauti iko wapi?

Mleta uzi

Dada, umenikamata pazuri, na sitajitetea kwa haraka. Ni kweli kwamba mfano wa Madagaska hauthibitishi chochote. Unaonyesha tu kwamba wazo hilo linawezekana, na ya kulithibitisha ni lazima yatoke ardhini pale pale. Kwa hiyo niyaorodheshe kwa ufupi yaliyotoka. Katika handaki, Gray alikuta mifupa ya binadamu, mingi ikiwa vipande vilivyotawanyika, si miili mizima. Kwenye njia ya West Kennet, baadhi ya mawe yalikuwa na watu waliozikwa miguuni pake. Kilomita chache kusini liko kaburi la pamoja la West Kennet, lililojengwa yapata 3650 KK, ambamo walizikwa watu wasiopungua 36. Mafuvu na mifupa mirefu iliyomo ni michache kuliko inavyopaswa kwa idadi hiyo ya watu, na maelezo ya wengi ni kwamba mifupa hiyo ilitolewa na kupelekwa kwingine, labda ikabebwa, ikaonyeshwa, ikarudishwa. Watu walioshika mafuvu ya babu zao kwa mikono hawakuhitaji kufundishwa na Mmalagasi kwamba wafu wana kazi.

Lakini yapo pia yasiyokaa vizuri na hoja yangu, na ni haki niyataje. Kusini ya duara kuna kilima cha Silbury, kilichoinuliwa kwa mikono yapata 2400 KK hadi kufikia karibu mita 40, ambacho ni kilima kikubwa kuliko vyote vya kujengwa katika Ulaya ya kale. Kila mtu alidhani amezikwa mfalme humo. Walichimba kisima kutoka kileleni mwaka 1776, wakachimba njia ya chini kwa chini 1849, wakachimba tena 1968 hadi 1970, na hakuna aliyekuta maiti. Kisima kile cha kale kiliporomoka mwaka 2000, wataalamu wakalazimika kuingia kukijaza, na walipochunguza tabaka waliona kwamba kilima kiliongezwa kidogo kidogo, changarawe na udongo na chaki, mara nyingi, bila dalili kwamba mtu alikuwa na mchoro wa mwisho kichwani. Ukiniuliza Silbury ilikuwa ya nini, nitakujibu kwamba ilikuwa ya kuongezwa. Na nadhani sehemu kubwa ya ibada ya Avebury ilikuwa hiyohiyo: kukusanyika kwa majira fulani, kuchimba, kuburuta, kula pamoja, kurudi mwakani. Wanaofahamu maana ya kwenda kufagia makaburi kabla ya Ramadhani, au harambee ya kumalizia ukuta wa kanisa ambao haumaliziki, hawatashangaa.

Jambo la mwisho kwako, Binti Pwani. Kwenye tuta la mashariki kuna miti mikubwa ya aina iitwayo beech kwa Kiingereza, ambayo mizizi yake imetoka nje ikajisuka juu ya udongo, na wageni wa siku hizi hufunga vitambaa vya rangi kwenye matawi yake, kwa nadhiri na kwa kumbukumbu ya wafu wao. Miti hiyo haina umri wa mawe hata kidogo, na hakuna aliyewaagiza. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama kimya, maana vitambaa vya namna ile nimeviona kwenye mibuyu na mapango ya mizimu ya kwetu tangu utotoni. Sikuiweka kwenye orodha ya ushahidi, kwa kuwa si ushahidi.

Fundi Uashi, Mwanza

Mimi nimeridhika na ya wafu. Swali langu ni la kazi. Jiwe la tani 20 waliliinuaje bila winchi?

Mleta uzi

Fundi, mashimo yenyewe yanaeleza kiasi. Upande mmoja wa shimo ulichimbwa kwa mteremko ili jiwe liteleze kwa kitako, na upande wa pili palipigwa vigingi vya kuzuia ukuta wa chaki usivunjike jiwe linapoingia. Baada ya hapo ni magogo ya kunyanyulia, mawe madogo ya kukaza chini, na kamba zenye watu wengi. Keiller aliyainua mengine miaka ya 1930 kwa magogo, nyaya za chuma na wafanyakazi wachache, na picha zake zinaonyesha wanaume waliovaa kofia na vizibao wakilivuta jiwe sentimita kwa sentimita. Nguvu walikuwa nayo. Kilichohitajika zaidi ni mtu ambaye wote walikubali kumsikiliza akisema sasa.

Msomaji wa Usiku

Nitakuwa Uingereza mwezi wa sita kwa shughuli za kikazi na nina siku moja ya mapumziko. Naomba unielekeze nianzie wapi, kwa sababu nachukia kufika mahali nikaona maegesho na duka la zawadi.

Mleta uzi

Usianzie kijijini. Shuka kwenye kilima cha Overton, ambako palikuwa na duara la mbao na mawe liitwalo Sanctuary. Utaona vipande vya saruji tu kwenye majani, maana mawe yake ya mwisho yalivunjwa Stukeley akiwa hai na akitazama. Kutoka hapo njia ya West Kennet ilikwenda kilomita 2.4 hadi lango la kusini, na ingawa sehemu ya mwanzo haina tena mawe, karibu na kijiji utazikuta jozi zimesimama. Tembea katikati yake, si pembeni. Njia inapinda, na tuta kubwa hulioni sawasawa mpaka umelikaribia sana, jambo ambalo sidhani lilitokea kwa bahati.

Kabla hujafika, tafuta jiwe lenye michirizi laini kama iliyopitishwa kidole kwenye unga mbichi. Hapo watu walinoa mashoka yao, miaka mingi kabla jiwe halijaburutwa na kusimamishwa. Lilipochaguliwa, walikuwa wakilijua tayari, pengine kwa jina. Weka kidole chako katika mchirizi mmoja, utaona kinaenea. Kondoo hupenda kulala upande wa jiwe usio na upepo, kwa hiyo angalia unapokanyaga.